Chumba cha Chini

Juzi, kwenye duka la mikate la Waturuki kule mtaani Schaerbeek, niliiona tena picha ya lile kaburi la kale, mnara wa mawe wenye paa lililochongoka. Leo najua wajenzi wake waliiga hema. Utotoni niliona nyumba ya msonge. Wakati ule papa, baba yangu, alikuwa amefariki karibuni, mwili wake ukapelekwa kuzikwa Bujumbura, na duka lilinukia ufuta kama juzi.

"Nani anakaa pale?" nilimuuliza mwenye duka.

"Binti wa mfalme. Juu kuna sanduku tupu, watu husoma dua mbele yake. Mwenyewe yuko chumba cha chini."

Nyumbani hapakuwa na mtu. Niliutazama upande wa papa kitandani, kisha nikalala sakafuni, sikio kwenye zulia lililonuka vumbi. Chini yetu mtu alikohoa.

Mama aliporudi kutoka kazini alinikuta bado nimelala pale.

"Unafanya nini hapo?"

"Ninamusikiliza papa. Anakohoa."

Mama alimjua vizuri mzee wa ghorofa ya chini. Kila Ijumaa alimpelekea supu. Alivua viatu, akalala kando yangu, naye akatega sikio.