Sista na Neno la Makengeza Yangu

Juzi daktari wa macho alimpima mjukuu wangu, kisha akasema ni strabismasi. Sikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni. Nilimwomba alitamke tena, rafiki yangu.

Tuliishi Nsambya, mtaa wa mji mkuu, kwenye nyumba za polisi, enzi za utawala wa wanajeshi. Baba alikuwa polisi, mtu wa kaskazini, na watu wa huko walitiliwa shaka siku zile. Asubuhi ua wote ulinuka moshi wa makaa, nami nilimenya matoke hadi vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Watoto waliniita Makengeza, kwa sababu jicho langu la kushoto lilikimbilia puani.

Jirani yetu alikuwa muuguzi. Sote tulimwita Sista. Siku moja alinikuta nalia nyuma ya jiko, akaniambia madaktari wana neno lao, strabismasi, lililotoka kwa Wagiriki wa kale, kwa jina walilompa mtu mwenye macho yaliyopinda.

"Kama Wagiriki walikuwa na neno lake, basi hukuanza wewe," akasema.

Nililitamka mpaka Mama akachoka.

Baadaye Sista akaomba ruhusa anipeleke hospitali. Tulikwenda kwa miguu, tukakuta kizuizi cha wanajeshi. Mmoja wao aliniinamia, akauliza kwa nini namtazama kwa dharau. Sista alimjibu taratibu, kwa Kiswahili chetu cha kambini: "Afande, mtoto haangalii wewe. Macho yake iko hivyo tangu kuzaliwa."

Akauliza ugonjwa gani. Sista akautaja. Akauliza hiyo ni lugha gani.

"Kigiriki, afande."

"Wewe unajua Wagiriki wapi?"

Sista akaanza kumweleza habari za vitabu vya uuguzi. Kadiri alivyoeleza, ndivyo yule mwanajeshi alivyozidi kumshuku kwamba ana siri na wageni. Mwishowe akaamuru mimi nirudi nyumbani. Sista alinifunga vizuri kitambaa cha kichwa, akaniambia nipite njia ya kanisani na nisikimbie. Nilipogeuka, alikuwa akipandishwa garini.

Baba alikwenda kuulizia kwa wakubwa wake. Aliporudi hakula, akatukataza kumtaja. Mama aliendelea kumwagilia dodo, mchicha wa Sista, mpaka mke wa mwanajeshi mmoja alipokuja kuhamia nyumba ile. Mama akampa ufunguo ambao Sista alimwachia asubuhi ile, akamkaribisha chai.

Safu ile ya nyumba haipo tena. Majirani wamekufa, wengine walirudi makwao. Picha ya Sista sina. Hata jina lake la ubatizo silijui. Tulizoea kumwita Sista tu, na sasa hakuna aliyebaki wa kumuuliza.