Taa Nyekundu Niliyoifunika Siku ya Arusi ya Furaha

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kabla ya uhuru, nilipokuwa shofere wa miaka ishirini na tatu na kiburi tele. Nilikuwa nimetoka Masisi asubuhi na kamyo, nimembeba bibi arusi Furaha na shangazi yake, Mama Yuliana, wote wawili mbele pamoja nami. Nyuma waliketi jamaa zao, na magunia ya maharagi, na ngoma mbili zisizonyamaza. Bwana arusi alingoja kijijini upande wa Walikale. Padri alikuwa ametuma neno: atafungisha ndoa saa kumi, kisha atashika njia ya msituni, harudi mpaka mwezi upite.

Hatujafika hata Nyabiondo, taa ndogo nyekundu ikaanza kupepesa mbele yangu. Nilijua ni taa ya dinamo, ile inayotia umeme kwenye betri. Ilinipasa kusimama na kuangalia. Lakini mbele ya watu wote wale sikutaka kuonekana shofere wa gari bovu. Nikachukua kipande cha sparadra, ile ya kufungia kidonda, nikaifunika taa. Cheka tu, mwanangu, hata mimi nacheka.

Kwenye mlima uliofuata nguvu zikaisha. Nilikanyaga mafuta mpaka chini, lakini kamyo lilijikokota kama mtu mwenye homa. Mvuke ukatoka mbele, tukasimama. Ngoma nazo zikanyamaza.

Mama Yuliana akagusa ile sparadra. "Papa shofere, hii inaficha nini?"

"Taa, Mama."

Akaibandua. Taa ilikuwa inawaka, nyekundu kabisa.

"Kumbe gari ilikuita tangu asubuhi, na wewe ukaiziba kinywa!"

Furaha hakunigombeza. Alivua viatu vyake vipya, akasema, "Kama gari imekataa, nitaenda na miguu." Neno hilo liliniuma kuliko matusi.

Nikafungua boneti. Mkanda wa moteri ulikuwa umekatika. Tangu asubuhi ulikuwa umelegea, na mkanda huo ndio unaozungusha dinamo na pampu ya maji. Dinamo ilipolala, taa ikawaka. Maji yalipoacha kuzunguka, moteri ikachemka, na joto likala nguvu. Mkanda mwingine sikuwa nao.

Ndipo akashuka Papa Anselme, mwindaji wa Walikale aliyekuwa nyuma. "Huu mukanda ilikuwa inapita wapi?" akaniuliza. Nikamwonyesha. Akatoa kamba mpya ya kushonea wavu wake, akaisokota mara tatu, akaikaza. "Gari siijui," akasema, "lakini kamba ninaijua."

Tukangoja moteri ipoe, wanawake wakachota maji mtoni kwa sufuria za arusi. Tukaondoka polepole. Kamba ilikatika mara mbili, naye akaisokota mara mbili. Huko nyuma walishanitungia wimbo wa shofere aliyefunika taa, na mimi mwenyewe nikaitikia.

Tulipofika, padri alikuwa juu ya pikipiki yake, inanguruma. Mama Yuliana aliruka chini kamyo halijasimama vizuri, akatanda mikono katikati ya njia. "Mon Père, hauendi!" Padri akacheka, akaizima pikipiki. Furaha akaolewa, maharagi yakaliwa, na sijawahi kucheza ngoma namna ile tena.

Basi, mwanangu unayeshika usukani leo, taa ikiwaka, simama mahali pazuri. Zima moteri, fungua, angalia mkanda, angalia maji moteri ikishapoa. Kilicholegea asubuhi kinatengenezwa kwa dakika chache, jioni kinaua moteri nzima. Na mtu wa nyumbani kwako akikuambia jambo haliendi sawa, usimnyamazishe kwa sababu ya wageni. Kusimama na kusikiliza si aibu. Aibu ni bibi arusi kuvua viatu ili atembee peku.

Mungu akupe barabara kavu, breki nzuri, na wasafiri wanaothubutu kukuuliza. Uende salama, ufike ukiimba.