Aliyeuliza Kama Tumevuka Wote

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kicheko kiwekeni pembeni kwanza. Mimi niliishia darasa la nne, kutunga sijui. Haya yalinikuta hapa hapa barazani kwangu, jua la saa saba mchana, na akili zangu ninazo.

Ukoo wetu huku ulianzishwa na mama mzaa bibi yangu. Alitoka Msumbiji akiwakimbia Wareno, akavuka Ruvuma kwa mtumbwi, akalifyeka pori hili kwa mikono yake. Huku alifika na watoto wawili. Ng'ambo walikuwa watatu. Mwenye mtumbwi alipouliza, "Wote?" yeye alijibu, "Wote," akidhani Awetu, yule wa tatu, yuko mbele na mama yake mdogo. Kumbe Awetu kalala majanini. Kesho yake walirudi, hawakumkuta.

Sasa, mwaka juzi vurugu za ng'ambo zilileta watu wengi huku. Asubuhi moja akaja mwanamke, Atija, mtoto mgongoni, furushi kichwani. Akasema yeye ni kitukuu wa Awetu, kwamba Awetu aliokotwa na wavuvi wakamlea. Mwanangu Hamisi akacheka.

"Mama, kila anayevuka ana bibi yake huku. Hilo jina kalisikia njiani."

Nami, nisiwafiche, niliingiwa na uchoyo. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa tumejaa. Jaribu mbele." Hakubisha. Alisema tu, "Haya, bibi, shikamoo," kama ndiyo kwanza anafika, akaenda zake.

Mchana nachambua korosho mkekani, nikasikia hodi. Mwanamke mtu mzima, kaniki imelowa mpaka kifuani, maji yanamchuruzika. Mvua ya wapi, na mbingu nyeupe vile? Na mdomo wa juu ana ndonya, kile kigingi cha mti walichovaa bibi zetu. Leo nani anayo? Nikamkaribisha. Hakukaa. Akaniuliza kwa Kimakonde cha zamani, "Mmevuka wote?"

Nikajibu bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia salamu, "Wote."

Akanitazama sana. "Hata mimi nilijibu hivyo."

Niliinamisha macho kwa aibu. Nilipoyainua, hayupo. Lakini korosho zilikuwa zimelowa chepechepe. Niaminini, nilizianika siku tatu.

Nikatoka mbio, nikasimamisha bodaboda.

"Bibi, mbona peku? Wapi?"

"Kuna mtu nimemwacha ng'ambo."

"Ng'ambo! Mafuta yangu hayafiki, bibi."

"Nipeleke stendi, acha maneno!"

Tulimkuta Atija mguu mmoja uko ndani ya basi. Nikamkamata khanga.

"Bibi, si umesema mmejaa?"

"Shuka. Twende nyumbani."

Anaishi kwetu hadi leo, na Hamisi humwita dada. Ila mimi neno lile limenikataa. Msibani wakiniuliza kama watu wangu wamefika wote, ulimi unakuwa mzito, inabidi niwataje mmoja mmoja. Basi nanyi msimjibie mtu ambaye macho yenu hayajamwona.

Na nyumbani kwangu nimeamuru hivi: magharibi, komeo lisitiwe mpaka kila anayelala hapa ameitwa kwa jina lake na ameitika mwenyewe. Wa mwisho aitwe Awetu. Mlango uachwe wazi kidogo, tusubiri, ndipo ufungwe.