Kioo na Sakafu ya Binti Yake

Mume wangu watu wanamwita Kioo, na kama hujawahi kufika kwake, vua viatu kwanza ndipo ubishe hodi. Maisha yake yote alisugua sakafu za hoteli kubwa hapa jijini, mpaka wageni wakawa wanajitazama meno humo chini. Sasa amestaafu, lakini kustaafu gani huko? Mlangoni kwetu kuna kitambaa cha kujifutia miguu, na ole wako ukanyage ndani bila kukipitia. Binti yetu alipokuwa mdogo alizoea kutembea kinyumenyume, anafuta nyayo zake mwenyewe. Mimi nilikuwa nikicheka, huku roho inaniuma. Mtoto gani huyo, anafuta kila anapopita?

Mimi ni mtunza ukumbi wa mpira wa wavu. Nafagia, nafunga wavu, nagombana na mashabiki wanaomwaga soda kwenye viti. Basi binti akakulia humo, mpira ukamwingia damuni, akarefuka mpaka sare ya shule ikawa aibu. Akachukuliwa na timu kubwa. Halafu msimu uliopita akatua vibaya, goti likaenda. Upasuaji, magongo, kulia akidhani hatumsikii. Daktari hakutuficha: goti hilo likienda tena, mpira basi. Kioo siku ile alifika nyumbani akapiga deki jikoni, akamaliza, akaanza upya.

Ikafika siku ya binti kurudi uwanjani. Asubuhi nilimsindikiza hospitali akafungwe goti lake bandeji, kisha yeye akaenda kuwasubiri wenzake na mimi nikaenda kazini. Kioo nilimwacha kitandani amelala, au ndivyo nilivyodhani. Getini mlinzi akanipokea meno yote nje.

"Dada, shemeji ni mtu wa kazi! Kaja mapema, kasema umemtuma. Ingia ukaone."

Nikaingia mbio, maana sikuwa nimemtuma. Sakafu yangu ya mbao ilikuwa inameremeta! Taa za darini zote unaziona chini, wavu uko juu na mwingine uko chini. Kioo kasimama katikati, tambara begani, anatabasamu kama bwana harusi.

"Nimeipaka nta ya hoteli, ile nzuri niliyokuwa nimeiweka," akasema. "Mwanangu hawezi kurudi kwenye sakafu iliyofubaa."

Sasa, sakafu ya mpira wa wavu inatakiwa ifubae! Mchezaji anaruka, anatua na uzito wake wote. Kiatu kisiposhika, mguu unakwenda huku na goti linakwenda kule. Nilimfokea mpaka mlinzi akachungulia.

"Wewe mzee, una akili timamu kweli? Unamtelezesha mwanao? Avunjike, halafu ufurahi kwamba kavunjikia mahali panang'aa?"

Akapiga hatua kubwa moja, kujaribu. Mguu ukamponyoka, akadaka nguzo ya wavu. Tabasamu likayeyuka.

"Mama watoto," akasema kwa sauti ndogo, "nimemtegea mtego mwanangu."

Hasira ikaniisha palepale. Nampenda mtu huyu, ndiyo shida yenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya hayakuwa maji.

"Nta inatoka?" nikamuuliza.

"Inatoka. Ila inataka mikono."

Mikono ikapatikana. Mlinzi akavua koti, mama wa tiketi akafunga dirisha lake akaja. Kioo akachanganya dawa yake ndooni, akatupanga mstari, tumepiga magoti, yeye mbele anatupigia kelele: "Kamua kwanza! Usilowanishe mbao! Nimesema ufute, sijasema upake!" Timu ilipofika, wasichana wakatukuta hivyo, wakadhani tuko kwenye maombi.

"Tunaomba, ndiyo," nikawaambia, "lakini shikeni matambara."

Binti yetu akabaki mlangoni, goti limefungwa. "Nani kafanya hivi?"

Kila mtu akatazama ndoo. Kioo akainuka, suruali imelowa magotini. "Ni mimi, mwanangu. Nilitaka upendeze."

Nilitegemea atafoka kama mimi. Akamtazama baba yake, akatikisa kichwa. "Baba, wewe bwana!" Akainama achukue tambara. Kioo akamnyang'anya. "Na goti hilo? Nenda kakae!"

Refa alikubali kusubiri. Tulipomaliza akakimbia hatua chache, akafunga breki, kiatu kikalia kwii! Akasema sawa. Kioo akamwomba ajaribu na kona ile. Na ile nyingine. Na pale chini ya wavu, tafadhali.

Mechi ikaanza. Kioo alisimama nyuma ya viti, macho kayafumba. Mpira ukainuliwa, binti akaruka. Akauchapa, akashuka kwa miguu miwili, kwii! Akasimama. Jamani, akasimama!

"Imeshika?" Kioo akaniuliza, bado kafumba.

"Imeshika, baba watoto. Fungua macho."

Akakaa kwenye ngazi akalia, na mimi nikakaa naye nikalia. Kama unataka kujua, timu yetu ilifungwa. Tulishangilia hivyo hivyo, mpaka mashabiki wa upande wa pili wakatuona tumechanganyikiwa.

Watu walipotoka nikachukua deki. Sakafu ilikuwa imejaa alama za raba, na pale karibu na wavu, alipokuwa akitua binti yetu, palichafuka kuliko kote. Nikaanzia hapo. Kioo akanishika mkono.

"Hapo usifute," akasema. "Paache mpaka kesho."