Nilibadilisha mfumo wa laptop, kifaa cha kusikia cha mtoto kikazimika mikononi mwangu

Wakuu, salamu kutoka Karatu, huku asubuhi bado tunavaa makoti.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma na kupita. Leo naandika mwenyewe, kwa sababu kuna kitu kilinitokea mwezi uliopita. Nitakieleza kilivyokuwa, pamoja na pale nilipokosea na pale niliposema uongo. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Nina chumba kidogo nyuma ya duka la dawa. Kazi yangu ni kupima usikivu na kurekebisha vifaa vya kusikia, vile vidogo vya kuvaa sikioni. Si daktari, nimesoma kozi tu, ila watu wananiita daktari na nimechoka kuwasahihisha. Wateja wangu ni wakulima wa huku, wazee waliokaa miaka mingi na majenereta ya lodge, na wafugaji wa kule ndani Ngorongoro.

Kwa wasiojua, kifaa cha kusikia hakirekebishwi kwa bisibisi. Unakichomeka kwenye kiboksi fulani, kiboksi kinaingia kwenye laptop kwa USB, halafu unaongeza au kupunguza sauti kwa programu. Bila laptop mimi sina kazi.

Sasa laptop yangu ilikuwa inanisumbua na ujumbe kila nikiiwasha. Mara mfumo wako umezeeka, mara utaacha kupata ulinzi, mara pandisha sasa. Nikasema basi. Jumapili baada ya ibada nikaenda kwa rafiki yangu anayefanya kazi lodge moja upande wa Rhotia, wana intaneti ya uhakika. Nikapandisha mfumo mpya.

Ilipowaka, wakuu, nilifurahi. Imependeza, icon zimekaa katikati, kila kitu kinateleza. Nikajaribu printa, ipo. Nikaweka nyimbo za kwaya, zipo. Sauti, kamera, simu, vyote vizuri.

Kiboksi sikukijaribu. Hata wazo halikunijia.

Kosa la pili hili hapa. Laptop ikalalamika nafasi imejaa, nikaingia kwenye kusafisha, nikakuta "mafaili ya mfumo uliopita" yamekula nafasi kubwa. Nikafuta. Nilijiona mjanja kweli. Kumbe ndiyo yalikuwa njia yangu ya kurudi nilikotoka.

Wiki nzima ikapita na kazi za kupima tu, hakuna wa kurekebishiwa kifaa. Ijumaa saa nne asubuhi akaingia Baba Nashipai na binti yake.

Wametoka Endulen alfajiri kwa Land Cruiser ya abiria. Gari hiyo hiyo inaondoka Karatu saa tisa alasiri, kwa sababu geti la Ngorongoro likifungwa jioni limefungwa.

Nashipai ana miaka minane. Alipata homa kali akiwa na minne, ikaondoka na sehemu kubwa ya usikivu wake. Miezi sita iliyopita alipata vifaa viwili vya msaada, nikamrekebishia mimi. Toka hapo akaanza kuongea. Kimaasai kwanza, halafu Kiswahili cha darasani, neno moja moja.

Tatizo ni kwamba darasani alikuwa anavivua. Bati la shule likipigwa na upepo, kwake ilikuwa kama mtu anagonga sufuria ndani ya kichwa. Anavua, anaweka mfukoni, anakaa tu. Mwalimu akaona hafuatilii.

"Jumatatu kuna kikao," baba yake akaniambia. "Wanataka aende ile shule ya bweni ya watoto wasiosikia. Ni mbali sana. Mama yake hali chakula tangu aambiwe."

Ile shule si mbaya, kuna watoto nimewapeleka mwenyewe na wamefunguka. Ila huyu alikuwa ameanza kusikia. Alihitaji zile sauti kali zipunguzwe basi, kazi ya nusu saa.

Nikachomeka kifaa cha kulia. Kikasomeka. Nikashusha sauti kali, nikabonyeza kuhifadhi. Mstari ukaanza kutembea, ukafika kama katikati.

Skrini ikawa bluu.

Laptop ikajizima, ikajiwasha. Nikachomoa kifaa, nikakiweka sikioni mwangu. Kimya. Nikabadilisha betri. Kimya. Kilikuwa kimeingia mkononi mwangu kizima, sasa ni kipande cha plastiki.

Nikarudi kwenye laptop, kiboksi hakionekani. Kule kwenye orodha ya vifaa kuna kile kialama cha njano. Nikahamisha USB tundu la pili. Nikabadilisha waya. Nikarestart mara tatu. Nina driver yake kwenye flash, ile programu ndogo inayofanya laptop na kiboksi vielewane. Nikaiweka upya, ikaniletea ujumbe kwamba driver hii hairuhusiwi kufanya kazi kwenye kompyuta hii.

Nikasema sawa, narudi mfumo wa zamani. Nikafungua sehemu ya kurudi. Imefifia, haibonyezeki. Hapo ndipo nikakumbuka yale mafaili niliyofuta.

Baba Nashipai akauliza, "Vipi daktari, bado?"

Nikamjibu, "Mtandao unasumbua kidogo tu."

Wakuu, kazi ile haitumii mtandao hata chembe. Uongo ulitoka mdomoni kabla sijaufikiria.

Yeye akaitikia kwa kichwa, akaamini. Lakini Nashipai alikuwa amekaa mbele yangu ananiangalia usoni. Mtoto aliyekaa miaka bila kusikia anasoma uso kuliko sisi tunavyosoma gazeti. Akaangalia kile kifaa mezani, akaniangalia tena, akasema taratibu kwa Kiswahili chake:

"Imekufa?"

Baba yake akageuka. Sikuweza tena.

Nikamwambia ukweli wote. Kwamba mtandao hauhusiki, nimebadilisha mfumo wa laptop bila kujaribu, kifaa cha binti yako kimezimika nikiwa nakihifadhi, na kwa sasa sijui kama kitarudi.

Alikichukua kile kifaa mezani, akakigeuza kiganjani. Afadhali angenifokea.

"Dada," akasema. Daktari ilikuwa imeisha. "Mimi nachunga ng'ombe. Ng'ombe wa mtu akivunjika mguu mkononi mwangu, namwambia mwenyewe siku hiyo hiyo. Simwambii ni mvua."

"Nisamehe, baba Nashipai."

"Sawa. Sasa tufanye nini?"

Ilikuwa saa sita kasoro. Nikabeba laptop, kiboksi na kifaa, tukaenda wote watatu kwa fundi Tluway, ana kibanda jirani na stendi. Tluway ni fundi mzuri, simsemi vibaya. Aliangalia dakika mbili akatoa flash yake.

"Dada Paskalina, hii tunapiga window upya, tunaweka mfumo ule wa zamani. Dakika arobaini unaondoka na mashine safi."

"Na data zangu?"

"Zipo wapi?"

"Kwenye diski C."

"C inafutwa. Una backup?"

Backup yangu, yaani nakala ya akiba, ilikuwa ya miezi saba nyuma. Kila mteja niliyemhudumia toka hapo, vipimo vyake na marekebisho yake, vyote vilikuwa ndani ya ile laptop tu. Pamoja na vya Nashipai.

"Hamisha kwanza," nikamwambia.

Akaanza kuhamisha, na umeme ukakatika mtaa mzima. Mashine yake ya kuhamishia ikazima. Laptop yangu ikabaki na chaji asilimia thelathini na kitu.

Tluway akaniangalia. "Chaji hii inatosha kupiga window, haitoshi kuhamisha na kupiga. Chagua."

Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko pote. Mbele yangu kuna mtoto anayetakiwa kurudi na kifaa kabla ya saa tisa. Nyuma yake kuna wateja wangu wengine, ambao hawajui hata kwamba wanaamuliwa muda huo. Tluway kashaingiza flash, kidole kipo kwenye kitufe.

"Subiri," nikasema. "Toa flash."

Baba Nashipai alitoka nje ya kibanda akasimama jua kali, kaupa mlango mgongo. Nilijua amefikiri nimemwacha.

Nikampigia mwalimu aliyenifundisha kozi, yuko Moshi. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Mara ya nne akapokea, anaongea kwa kunong'ona, yupo msibani. Nikamweleza haraka haraka.

"Usipige window!" Sauti ikampanda, nikasikia watu wanamnyamazisha. Akasogea pembeni. "Driver yako ni ya zamani, ndiyo iliyoangusha mashine. Mfumo mpya una ulinzi mkali, umeshaifungia nje. Nenda tovuti ya waliotengeneza kiboksi, shusha driver mpya. Usizime ulinzi, weka driver mpya."

"Na kifaa? Kimekufa, mwalimu."

"Pengine kimekatwa katikati ya sentensi tu. Betri itoe kabisa, ikae nje. Ukishaunganisha, fungua faili la mtoto, programu itakuuliza kama uendelee pale kazi ilipokatika. Faili lake unalo?"

"Ninalo," nikasema. Kama kidole cha Tluway kingebonyeza, nisingekuwa nalo.

Tukawasha data ya simu. Driver yenyewe ni kubwa na mtandao wa stendi saa nane mchana mnaujua. Asilimia kumi. Kumi na tatu. Inasimama. Tluway akapunguza mwanga wa skrini, akazima kila kitu kisichohitajika. Chaji inashuka kuliko driver inavyopanda, tukawa tunaangalia namba mbili kwa pamoja kama watu wanaotazama penalti.

Saa tisa kasoro robo honi ya Land Cruiser ikaanza kulia upande wa pili wa barabara.

Baba Nashipai akavuka akaenda kuongea na dereva. Nilimwona anaongea, dereva anaonyesha saa, anaonyesha upande wa geti. Akarudi. "Amesema tisa na nusu. Akipitisha hapo anaacha mtu."

Driver ikamaliza kushuka tisa na dakika sita. Nikaiweka. Restart. Ile restart, wakuu, nilisali kwa Kiiraqw cha nyumbani, Kiswahili na lugha nyingine nisiyoijua.

Kialama cha njano hakipo. Kiboksi kimewaka taa ya kijani.

Nikarudisha betri, nikachomeka kifaa, nikafungua faili la Nashipai. Programu ikafikiri, ikaleta swali: kuna kazi haikukamilika, uendelee? Nikabonyeza ndiyo. Mstari ukatembea. Ulipofika katikati, pale pale, ukasimama. Tluway akasema "aisee". Halafu ukasogea, ukafika mwisho.

Nikamvalisha. Kifaa kikiwaka kinapiga mlio mdogo wa kupanda, toni nne. Nashipai akashika sikio, macho yakafunguka, akamwambia baba yake kitu kwa Kimaasai.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema imeamka."

Nikarekebisha na cha kushoto, haraka lakini kwa uangalifu, chaji ikiwa asilimia tano. Nikamwomba Tluway agonge kipande cha bati nyuma ya kibanda. Akagonga kwa nyundo. Nashipai akakunja uso kidogo, akageuka kuangalia nani anapiga. Hakuvua.

Wakakimbia kuvuka barabara. Mlango wa gari ulikuwa tayari umefunguliwa, na mama mmoja ndani akampakata mtoto. Baba yake hakunipa mkono. Hata kuaga hakuaga, na sikumlaumu.

Nikabaki pale kibandani nimekaa kwenye kindoo cha rangi kama dakika kumi. Tluway akaninunulia soda. Nikalia kidogo, basi.

Jumatatu nzima simu ilikuwa mfukoni na sikuweza kufanya kazi ya maana. Saa kumi jioni ikalia. Baba Nashipai.

"Dada, kikao kimeisha. Anabaki mpaka mwisho wa muhula, akae benchi la mbele, halafu wataangalia tena."

Si ushindi kamili, ni muhula mmoja. Nikamshukuru kwa kunipigia. Akasema, "Uliniambia ukweli ukiwa bado hujui kama kitarudi. Nimemweleza mama yake hivyo. Anataka kuongea na wewe."

Mama akachukua simu, akaongea Kimaasai kitupu, maneno mengi, kwa sauti ya juu kidogo. Mimi Kimaasai sisikii hata neno. Nikawa naitikia tu "ee, ee". Alipomaliza ikaja sauti ndogo, inatafuta maneno moja moja, sauti ya mtoto ambaye asubuhi hiyo watu wazima walikaa kujadili kama anasikia.

"Mama anasema," Nashipai akanitafsiria, "mama anasema, uje kwetu. Unywe maziwa."

Nimejifunza nini? Mfumo mpya usiuweke kwenye mashine inayobeba kazi ya watu kabla ya kujaribu kila kitu kinachochomekwa humo, hasa kile unachokitumia kwa nadra. Usifute njia ya kurudi kwa sababu ya nafasi. Backup siku hizi nafanya kila Ijumaa kwenye diski mbili, moja inalala kwa dada yangu. Na mambo yakiharibika mikononi mwako, mwambie mwenyewe mapema. Ule uongo wangu wa dakika chache ndio unaoniamsha mpaka leo, kuliko ile skrini ya bluu.

Wale mnaotumia laptop kwa vifaa maalumu, maabara, ultrasound, upimaji ardhi, nyie mnafanyaje mfumo ukibadilika? Mnatenga mashine ya pembeni isiyoguswa, au mnaenda nao hivyo hivyo? Na wa Endulen mliomo humu, nifahamisheni, nikialikwa maziwa kwa mara ya kwanza, mgeni anabeba nini mkononi?