Matofali ya Maji ya Udhu

Zablon Ryoba amefyatua matofali ya saruji huku Suna kwa miaka kumi na mitano, na sifa anayoijali ni moja: tofali lake likiangushwa kutoka begani lisivunjike. Ndivyo wateja wa hapa wanavyopima. Hawaulizi cheti.

Mwaka jana sifa hiyo ilimponyoka. Kiangazi kilikausha kisima, maji yanayoletwa na punda yakawa adimu, naye akachota yale yanayotiririka kutoka mahali pa kuoshea magari. Aliyaacha yatulie, akayaona maangavu, akaridhika. Kumbe sabuni haionekani kwa macho. Ilijaza saruji mapovu, na jiko la Monicah, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, lililojengwa kwa matofali hayo, likaanza kumomonyoka kama andazi la juzi. Ryoba alilibomoa kwa mikono yake, akalijenga upya.

Kiangazi hiki hakurudia kosa. Nyuma ya uwanja wake kuna msikiti, na maji ya udhu hutiririka humo mara tano kwa siku. Hayana sabuni wala mafuta, ni vumbi tu la miguu. Alimwendea Mzee Osman, muuza nguo anayeutunza msikiti huo.

"Yachukue, yanapotea bure," Osman alisema. "Ila nina sharti moja, Ryoba. Watu wamejitakasa kwa maji haya kwa ajili ya sala. Usiyatumie kujengea choo."

"Sitayatumia kujengea choo, mzee."

Ahadi ilikuwa rahisi, kwa kuwa siku hiyo hakuna aliyehitaji choo. Ryoba aliweka mapipa mawili: la kwanza la kutuliza mchanga, la pili la kupokea maji yaliyochujwa kwa gunia. Kabla ya kuuza chochote alifyatua matofali machache ya majaribio, mengine kwa maji kidogo ya mvua aliyokuwa ameyabakiza, mengine kwa maji ya udhu. Akayamwagilia, akayafunika, akangoja siku ishirini na nane.

Siku ya ishirini na tisa Monicah akafika.

"Fundi, nataka mia tatu. Choo cha kanisa kimetitia, na Pasaka tunapokea akina mama kutoka Rangwe na Homa Bay. Wageni mia mbili, yawa! Niwapeleke vichakani?"

Ryoba alitazama mapipa yake. Hakuwa na maji mengine. Osman asingejua, maana tofali halisemi lilichanganywa kwa maji gani. Na huyu ndiye mteja ambaye kwa mwaka mzima alitamani arudi.

"Mama, maji niliyonayo ni ya udhu. Nimeahidi hayataingia chooni."

"Tofali nalo lina dini?"

"Halina. Mimi ndiye nina mdomo, na mdomo umeshaahidi."

"Mdomo huohuo uliniambia jiko litadumu mpaka nizikwe. Nimelizika mimi!"

Ryoba aliimeza hiyo. "Lile tangi la mvua la kanisa bado limejaa?"

"Hayo ni ya kufyatulia matofali ya ukuta mpya wa kanisa. Wazee wamelitia kufuli."

"Basi tubadilishane. Choo nikifyatulie kwa maji ya tangi. Ukuta wa kanisa nitaufyatulia kwa haya ya udhu."

Monicah alishika kiuno. "Yaani choo kipate maji ya mvua, nyumba ya Bwana ipate maji ya miguu ya akina Osman?"

"Ndiyo, mama."

Aliangua kicheko, kisha kikamkatikia. "Bwana mwenyewe aliosha watu miguu," alisema polepole. "Sijasikia yale maji yalimwagwa wapi." Akajikaza. "Lakini hayo ni ya imani. Ya saruji nionyeshe."

Ryoba aliinua tofali la udhu hadi begani, akaliachia. Lilidunda, likapoteza kipembe.

"Bega lako liko chini mno," Monicah alisema. Akachukua la pili, akaliinua juu ya kilemba chake, akalitupa. Halikupasuka. Akafanya vivyo hivyo kwa la mvua, akainama kulinganisha, asione tofauti.

"Wazee nitawaendea mwenyewe. Wewe usije, utaanza kuwahubiria mapovu."

Alirudi baada ya siku mbili akiwa na ufunguo wa tangi.

"Wawili walipinga," alisema. "Nikawauliza: wageni niwaelekeze vyoo vya nyumbani kwenu, wazee? Anza kazi, fundi."