Mwanamke wa Siagi Ukutani

Shetani alionekana kwenye ukuta wa kanisa wakati mdogo wangu akijiandaa kufunga ndoa humo. Alikuwa na pembe na miguu ya mbuzi, na alikuwa akimsaidia mwanamke mmoja kusukasuka maziwa.

Picha ilitufikia Louisville kwa simu, mwaka 2015, mama akiwa jikoni anatwanga sombe, majani ya muhogo. Tulipotoka kambini Burundi, sisi tuliletwa Marekani. Mdogo wangu, aliyekuwa na faili lake la ukimbizi peke yake, akapelekwa Sweden, kwenye kijiji cha mashamba ya ngano. Huko alipata kazi ya kutunza wazee, kisha akapata mchumba, mzaliwa wa kijiji hicho, na wote wawili walitaka kanisa la pale. Lakini katika ukoo wetu harusi haina tarehe mpaka mama wa binti aitamke.

Zamani nilikuwa mtu wa redio Bukavu, kwa hiyo nilimhoji mdogo wangu kwa utaratibu. Kanisa ni la mawe, la karne nyingi. Waliolijenga walichora kuta zote kwa sababu waumini wengi hawakujua kusoma. Baadaye wengine wakapaka chokaa juu ya michoro: labda waliionea aibu, labda walitaka mwanga tu. Wa juzi wakaongeza lipu ya saruji, nayo ikafungia maji ndani ya ukuta. Mafundi walikuja kubandua saruji ili ukuta upumue. Chokaa ilibanduka nayo, na yule mwanamke akatokea na pipa lake la siagi.

Mama aliikuza picha kwa vidole viwili.

"Nani alichora huyu mama hivi?"

Nikasema sijui. Akanirudishia simu, akaendelea kutwanga. Tarehe hakuitamka.

Nilidhani ni shetani aliyemtisha. Kwa hiyo nilienda Columbus, mtaa wa Linden, kwa baba mdogo, ambaye ni mchungaji. Mama humsikiliza.

"Shetani mu kanisa!" alisema. "Donc, walilipa fundi ili amufunue?"

"Ni historia, baba."

"Historia ikae mu musée, kwa vitu vya zamani. Waambie wapake chokaa tena, kisha waoane."

Mkewe alichungulia kutoka jikoni. "Wewe ulinioa chini ya picha ya Rais. Nani alilalamika?"

"Bon, ile ilikuwa lazima." Kisha akanigeukia. "Nenda Buffalo kwa dada yako. Yeye alilelewa na nyanya yenu. Mama yenu haogopi pembe."

Hakusema zaidi, na sikuelewa. Nilipanda basi.

Dada anaishi West Side, katika nyumba ya mbao ambayo ngazi zake hulia. Aliitazama picha akacheka. "Angalia, anasukasuka amesimama! Atachoka mgongo. Sisi tuliweka kibuyu mapajani." Kisha akaiweka simu mezani. "Unajua kwa nini tulihama kule mlimani kwa nyanya?"

"Vita."

"Vita ilikuja nyuma."

Alinieleza kwamba kiangazi kimoja ng'ombe wa nyanya waliendelea kutoa maziwa huku wa majirani wakikauka. Watu wakasema nyanya anatuma kitu usiku kikanyonye ng'ombe wa wenzake. Kwanza waliacha kumsalimu. Kisha nyumba ikaungua.

Jioni hiyo nilimpigia mdogo wangu nikamuuliza mchoro unasema nini hasa. Alikuwa ameshamwuliza fundi. Ulikuwa unasema jambo lile lile: mwanamke anaiba maziwa ya majirani kwa uchawi, ndiyo maana shetani yuko naye. Vijiji viwili ambavyo havijawahi kusikiana vilikuwa vimempangia mwanamke shtaka moja, na sikujua niiweke wapi habari hiyo kichwani.

Niliporudi Louisville nilimwuliza mama moja kwa moja.

"Mama yangu alienda mbali kukatia ng'ombe wake majani, ni hiyo tu," alisema. "Baba yako mdogo anaogopa shetani. Mimi ninaogopa majirani. Binti yangu anaenda kuishi katikati yao."

"Basi wamfunike yule wa ukutani?"

"Wamufunike kwa nini? Alikosea nini?"

"Basi abaki?"

"Abaki vile, na shetani pembeni, watu wakiimba?"

"Mama, sasa unataka nini?"

"Ninataka kujua walimufanya nini."

Mdogo wangu alimwuliza fundi, fundi akamwuliza kasisi. Kasisi alisema mchoro kama huo uko katika makanisa mengine ya nchi ile. Huenda mchoraji aliunakili tu, huenda alimchora mtu wa pale pale. Mdogo wangu alilia kwenye simu.

"Mama, nimwulize nani tena?"

"Uliza wale wazee unaogesha."

Aliwauliza. Wengi walisema hawajui. Bibi mmoja alisema nyuma ya kanisa kuna malisho ambayo tangu utoto wake hakuna aliyepeleka ng'ombe, na hakuwahi kuambiwa sababu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akataka bibi huyo aulizwe tena. Tarehe hakuitamka.